Ukumbi Ndio Taa

Msafiri atokaye Kisangani akiishika barabara ya kaskazini iendayo Banalia na Buta, baada ya mwendo wa yapata kilomita 50 hufika Bengamisa. Na akifika siku ya Jumamosi ambayo pana harusi, aghalabu hukuta ukumbi wa matofali wenye paa la bati umevishwa vitambaa vyeupe na vya rangi ya dhahabu toka mlangoni hata jukwaani, grupu, kama tuitavyo jenereta huku kwetu, linanguruma nyuma ya nyumba, na watu arubaini au hamsini, waliovaa vitenge vya namna moja vilivyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo tu, wanangoja kupangwa ili wapigwe picha ya jamaa wote. Keki italiwa, muziki utanyamaza, wageni watarudi makwao kwa pikipiki zilizowaleta, na kitakachobaki ukutani miaka thelathini baadaye ni picha hiyo. Mintarafu ya picha hiyo nataka kusema na wenzangu wa kazi hii, hasa wale wasio na studio, wenye kamera moja na flashi moja, na mfuko ambao hauwezi kustahimili vyote viwili kuharibika kwa pamoja.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye harusi ya usiku katika ukumbi mwembamba, nikapanga watu 34 kwa safu tatu, na kwa kuwa nyuma yangu palikuwa na meza za chakula ambazo sikuthubutu kuomba zisogezwe, nilisimama karibu mno na watu, flashi ikiwa juu ya kamera imewaelekea usoni. Katika kioo kidogo cha kamera picha ilionekana njema. Baada ya wiki mbili nilipoipeleka imekwisha safishwa, mama wa bibi arusi aliichukua hata mlangoni penye mwanga, akaifuta kwa pindo la kitenge chake ingawa haikuwa na vumbi, akaanza kupitisha kidole juu ya sura moja baada ya nyingine, akizitaja kwa majina kimoyomoyo, mpaka kidole kikasimama katika safu ya nyuma.

"Fundi," akaniuliza, "huyu mwenye koti, asiye na kichwa, ni nani?"

"Ni mjomba, mama."

"Kaka yangu?"

"Ndiye, mama."

"Kaka yangu ndiye aliyenunua mafuta ya grupu," akasema, akanirudishia picha.

Kichwa cha mjomba kilikuwapo. Kilichopungua ni nuru. Safu ya mbele ilikuwa mita 2 mbele ya flashi yangu na safu ya nyuma ilikuwa mita 4, na hapo ndipo pana kanuni ambayo kila mwenye kamera angepaswa kuijua kabla ya kujua bei ya kamera: mwanga utokao mahali padogo hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali, yaani umbali ukizidi mara mbili, nuru hubaki robo, na umbali ukizidi mara tatu, nuru hubaki sehemu moja katika tisa. Mjomba alipata robo ya nuru waliyoipata watoto wa maua walioketi sakafuni. Lakini kanuni hiyohiyo iliyonifedhehesha ndiyo inayookoa, maana laiti flashi ingalikuwa mita 6 kutoka safu ya mbele na mita 8 kutoka safu ya nyuma, mjomba angalipata zaidi ya nusu ya nuru ya walio mbele, na tofauti ya kiasi hicho jicho huisamehe bila kujijua. Watu hawakusogea hata hatua moja katika hesabu hiyo. Ni flashi tu iliyorudi nyuma.

Asiyeniamini na afanye jaribio hili usiku nyumbani kwake. Apange chupa tatu mezani, kila moja nyuma ya mwenziwe kwa nafasi ya hatua moja, azime taa, kisha awashe tochi ya simu karibu na chupa ya kwanza: ya kwanza itang'aa, ya tatu itakuwa kivuli. Halafu arudi na tochi mpaka upande wa pili wa chumba. Mwanga utakuwa mnyonge, ni kweli, lakini zote tatu zitakuwa ndugu. Unyonge wa mwanga ni jambo ambalo kamera ina dawa yake. Udhalimu wa mwanga, wa kumpa huyu na kumnyima yule, hauna dawa nzuri baadaye, hata kwa programu za kompyuta.

Sasa, ukumbi ukiwa mwembamba, flashi itarudi wapi? Jibu langu ni kwamba itoke nje. Nimewahi kuisimamisha uani, hatua tano nje ya mlango wa milango miwili uliofunguliwa wazi, juu ya mwanzi wa mita 3 uliochomekwa katika debe la mchanga, na nuru ikaingia ndani juu ya kichwa changu kama inavyoingia nuru ya jioni, nikiwa nimeikalisha kamera chini kidogo mbele yake. Debe la mchanga na mwanzi ni stendi ambayo dukani ingegharimu fedha na ambayo, kwa uzoefu wangu, huanguka upesi kuliko debe. Jambo moja tu: mpe kijana wa pale ujira mdogo asimame karibu, kwa sababu watoto wa Bengamisa, kama watoto wa dunia nzima, hawawezi kuona kitu kimesimama juu ya mwanzi bila kutaka kujua kimewekewa nini.

Umbali ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni ukubwa wa chanzo cha nuru. Kioo cha flashi ya kawaida hakizidi upana wa vidole vinne. Kutoka mita 6 ni nukta, na nukta ya nuru huchora kila kivuli kwa ukali wa wembe, pua juu ya shavu, kilemba cha mama wa safu ya kwanza juu ya kidevu cha binti wa safu ya pili, na safu nzima juu ya ukuta ulio nyuma. Nuru ikitoka mahali papana vivuli hivyo hulainika, kwa kuwa sehemu isiyofikiwa na mwale mmoja hufikiwa na mwingine. Ndiyo maana mafundi wenye uwezo hununua miavuli na masanduku ya vitambaa ya kulainisha nuru. Sisi tunao ukumbi wenyewe. Ukuta mweupe ulio nyuma ya mpigapicha, ukipigwa na flashi iliyogeuzwa kuuelekea, huacha kuwa ukuta ukawa dirisha la upana wa mita 2 au 3. Na dari jeupe lisilo juu sana hufanya vivyo hivyo, ingawa nuru ya darini ikiwa peke yake hutia giza katika vina vya macho, hata bibi arusi akaonekana kama hakulala siku tatu.

Kwa bahati mbaya kumbi zetu nyingi hazina dari. Juu ni bati tupu, lenye mikunjo inayotawanya nuru ovyo na kutu inayoinywa, au ni mbao zilizotiwa moshi wa miaka. Na kuta zimepakwa buluu au kijani kwa nusu ya chini, rangi ambazo ni nzuri kwa kuficha alama za mikono lakini ni adui wa uso, kwa sababu nuru huchukua rangi ya kitu inachokigonga, na ukuta wa kijani humrudishia mtu mweusi rangi ya mgonjwa. Hapo ndipo linapoingia shuka. Nunua shuka jeupe la kitanda kikubwa, jeupe kabisa, lisilo na maua wala mistari, ulitunze kwa sabuni na usilalie kamwe. Lifunge kati ya mianzi miwili iliyosimama katika madebe mawili, ukingo wa chini ukiwa juu kidogo ya kichwa chako, kisha weka flashi hatua moja mbele yake, ielekee shuka na kuwapa watu kisogo. Nimefanya kazi kwa miavuli ya madukani pia, na sioni haya kusema kuwa shuka halijawahi kushindwa nayo.

Shuka hutoza kodi yake. Kwa makadirio, nuru inayorudi kutoka kitambaani ni robo hivi ya ile iliyotumwa, kwa hiyo yapasa kupiga hesabu kabla ya siku ya kazi. Kila flashi ina namba ya uwezo, iliyopimwa kwa mita na kwa kiwango cha ISO 100. Ukiigawa kwa namba ya tundu la lenzi unapata umbali ambao nuru yake inatosha. Tahadhari na namba wanayoitangaza wauzaji, maana aghalabu hupimwa flashi ikiwa imebanwa irushe miale myembamba ya mbali. Ikifunguliwa ipate kuenea kwa jamaa nzima, uwezo hushuka. Tuseme basi namba ya kweli ni 40. Kwa f/8 moja kwa moja ingefika mita 5. Shuka likichukua robo tatu ya nuru, namba hushuka hadi 20, lakini ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 400 namba hurudi 40, na kwa f/8 unarudi kwenye mita zako 5. Mimi hupandisha mpaka 800, nikaishusha flashi iwe nusu ya nguvu. Mchanga kidogo wa picha katika kivuli hakuna atakayeulalamikia, ilhali flashi inayopumua kwa nusu ya nguvu hujaza upesi, haichemki, na betri zake hufika mwisho wa sherehe. Kasi ya shata iwe sehemu moja katika 125 ya sekunde. Na ikiwa ungependa taa za ukumbi zionekane kwa mbali nyuma ya watu, ishushe hadi sehemu moja katika 60, usishuke zaidi, kwa kuwa bibi wa miaka themanini aliyesimama kwa muda hutikisika hata akiwa na subira ya mawe.

Jambo la nuru kubwa si ugunduzi wa leo, wala si la Wazungu peke yao. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipiga kazi yake nyingi uani kwa nuru ya mchana, na kwa kubana gharama alizoea kumpiga mteja picha moja tu. Watu hao hadi leo wanatazama kutoka katika picha zake kwa adhama ambayo wengi wetu, wenye uwezo wa kupiga picha elfu kwa jioni moja, hatuipati hata mara moja. Huko Unguja, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, ikawapiga picha wakubwa na wadogo wa Mji Mkongwe. Nami hukumbuka kwamba kabla ya hao, tangu unga wa magnesi wa kuwashia nuru ulipobuniwa Ujerumani mwaka 1887, mpigapicha wa ndani ya nyumba alikuwa mtu wa kulipua moshi na majivu juu ya vichwa vya wageni, hata balbu za flashi, na baadaye flashi ya umeme aliyoistawisha Harold Edgerton huko Marekani kuanzia mwaka 1931, zilipoliondoa balaa hilo. Mwenye kulalamika kuwa flashi yake ni ya zamani na afikirie kumrushia askofu cheche za unga.

Lakini kabla ya shuka, kabla ya flashi, ipo taa ambayo hailipiwi. Bengamisa ipo karibu sana na mstari wa ikweta. Jua letu halibadili desturi zake kwa majira, huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na likisha tua giza huingia kama mtu aliyesukumwa. Kwa hiyo saa ya picha ni jambo linaloweza kupatanwa na kuandikwa wiki moja kabla. Mwendee mwongoza sherehe, si siku ya harusi ambapo hana masikio, bali mapema, umwombe robo saa kati ya saa tisa na saa kumi na nusu alasiri, ukimwahidi kwamba baada ya hapo hutamsumbua tena. Fungua milango yote miwili ya ukumbi, wageuze watu wauelekee mlango, ujiweke wewe pembeni mwa kizingiti ili mwili wako usiwe pazia, na mlango mpana wa kanisa au wa shule utawapa nuru ambayo fedha hainunui. Ikiwa jua linapiga moja kwa moja mpaka sakafuni, warudishe watu ndani hatua mbili, nje ya kipande hicho cha jua, wapate mwanga wa mbingu bila miale yenyewe. Na ikiwa sakafu ya mlangoni ni ya saruji nyeupe au umetandika hapo lile shuka lako, nuru itaruka kutoka chini na kufuta vivuli vya videvu. Siku ya mawingu mazito ya mvua, ambazo kwetu ni nyingi, nuru hii hupungua lakini hulainika. Siku ambayo mvua imekwisha anza kulipiga bati hata mtu hamsikii jirani yake, sahau mlango, rudi kwenye flashi.

Nimetaja taa za ukumbi, nazo zina kesi yao. Mpambaji huleta mataa ya zambarau na ya buluu, mwenye muziki ana yake yanayozunguka, fundi wa grupu amefunga balbu mbili nyeupe na moja ya njano kwa sababu ndizo zilizokuwapo, na vyote hivyo, vikichanganyika juu ya uso mmoja, hufanya shavu la kulia liwe la mtu na la kushoto liwe la samaki. Tena balbu za bei nafuu hupepesa kwa kufuata mapigo ya umeme, hasa grupu likichoka, na kamera huona mapepeso ambayo jicho haliyaoni. Omba zizimwe kwa dakika tano za picha ya jamaa, uache flashi na shuka vitawale peke yao. Omba zizimwe swichi, nasisitiza. Nimewahi kusema kwa ufupi "zimeni", na kijana mtiifu akaenda kulizima grupu, muziki ukakatika katikati ya wimbo wa kuingilia wazee, na mwenye muziki yule hadi leo tukikutana sokoni Kisangani hunisalimu kwa upande.

Sasa ngozi na nguo. Kamera hupima nuru kwa kudhani kuwa dunia nzima, ikikorogwa pamoja, ina rangi ya kijivu. Ukiwa na bibi arusi mwenye gauni jeupe katikati, huogopa na kuifanya picha yote kuwa nyeusi, na ukiwa na safu ya makoti meusi, hufanya kinyume chake. Kadhalika katika sherehe za wahitimu wa taasisi ya juu ya masomo ya kilimo, ambayo ni fahari ya Bengamisa, utakuta majoho meusi yanayokunywa nuru, nyuso, na vyeti vya karatasi nyeupe vilivyoinuliwa mbele ya vifua, vyote ndani ya fremu moja. Usiiachie kamera uamuzi huo. Weka vipimo vyote kwa mkono, piga picha ya majaribio kwa mtu mmoja aliyesimama mahali pa safu ya kati, itazame sura yake, kisha usiguse chochote mpaka safu zote zimekwisha. Tena ngozi nyeusi haipigwi picha kwa kuimwagia mwanga hadi ipauke. Umbo lake hukaa katika mng'ao, mstari ule wa nuru juu ya mfupa wa shavu na juu ya paji, na chanzo kikiwa kipana mng'ao huenea kama mafuta, kikiwa kidogo hukusanyika ukawa doa jeupe la jasho. Na jasho lipo, kwa maana ukumbi wa bati wenye watu 200 ni tanuri. Beba vitambaa vidogo vikavu, viwili vitatu, umpe mwanamke mwenye heshima katika jamaa ile apite akiwapangusa wenziwe. Wewe mwenyewe usimguse mtu uso. Ukiwa na chanzo kimoja kilicho upande, waweke wenye ngozi nyeusi zaidi na makoti meusi upande wa nuru, na gauni jeupe upande wa mbali, wagawane haki.

Juu ya wingi wa taa, nina rai ambayo vijana hawaipendi. Wengi wao, wakipata fedha ya kwanza, hununua ile taa ya duara inayosimama kwa miguu mitatu, waliyoiona ikimpamba mtu mmoja katika simu. Kwa uso mmoja ulio karibu ni chombo kizuri. Kwa jamaa ya watu 30 ni kibatari. Flashi kuukuu ya kurekebisha kwa mkono, isiyo na akili yoyote ndani yake, hutoa katika nukta moja ya wakati nuru ambayo taa hizo haziwezi kuikaribia, na hupatikana kwa bei isiyofika dola 100. Nikiulizwa fedha itoke kwa utaratibu gani, nasema shuka kwanza. Pili betri za kuchajiwa, nane, yaani seti mbili, maana betri za karatasi za rejareja hufa baada ya milipuko michache na kumwacha fundi akiomba radhi. Tatu flashi yenyewe. Nne vifaa viwili vya kuiamuru flashi kwa redio ikiwa mbali na kamera, au waya mrefu kama hata hivyo ni ghali. Flashi ya pili inaweza kungoja mwaka. Na ikija, isiwekwe upande wa pili wa ukumbi kuipinga ya kwanza, kila mtu akapata vivuli viwili vya pua kama sharubu; iweke jirani ya ya kwanza, juu ya shuka hilohilo, zivute jembe moja. Betri zichajiwe nyumbani usiku wa kuamkia safari, kwa sola au kwa umeme wa mjini unapokuwapo, kwa kuwa ukifika Bengamisa kila tundu la grupu lina mwenyewe.

Kuhusu kupanga watu, nuru na adabu hutembea pamoja kuliko mtu anavyodhani. Viti mbele kwa wazee, wasimamao nyuma ya viti, na nyuma yao benchi la shule la kusimama juu yake, lililojaribiwa kwanza na mtu mzito. Kila uso uonekane kati ya vichwa viwili vya mbele, na safu zibanwe, kwa kuwa kila nusu mita unayopunguza katika kina cha kundi ni nuru uliyoipata bure. Kundi lisiegemee ukuta. Liache mita 2 nyuma yake ili vivuli vianguke sakafuni, mahali pasipotazamwa. Shuka liwe juu, nuru ishuke kidogo, ndipo kivuli cha mtu wa mbele kitapita chini ya kidevu cha wa nyuma. Wenye miwani wainamishe videvu kwa upana wa kidole, na ikiwa bado kioo kinaakisi shuka, sogeza shuka hatua moja pembeni kuliko kumwomba mheshimiwa avue miwani ambayo bila hiyo hata mkewe hamtambui. Macho yalengwe kwa ukali katika safu ya kwanza au kati ya ya kwanza na ya pili. Kwa lenzi pana na f/8, wa nyuma watafuata wenyewe.

Kisha kufumba macho. Katika watu 34 daima yupo anayefumba. Dawa niliyoirithi ni kuwaambia wote wafumbe kwa pamoja, nihesabu hadi tatu, wafumbue, nami nipige mara tu baada ya kufumbua. Na kuirudia mara kumi bila aibu, nikingoja kila mara flashi ijaze, huku nikisema maneno mawili matatu ya kuwachangamsha wasigande. Kabla ya kuwaachia, ikuze picha katika kioo cha kamera, upitishe jicho safu kwa safu, ukihesabu vichwa kama yule mama alivyohesabu kwa kidole chake.

Mama huyo aliniita tena. Mdogo wake bibi arusi alipoolewa, nilikuja na shuka, madebe, na mianzi iliyokatwa asubuhi ile, nikapewa saa kumi alasiri, milango yote wazi. Kabla sijasema neno, mama alimshika kaka yake mkono, akamkalisha kiti cha katikati safu ya mbele, akanigeukia. "Hapa, mwanangu," akasema, "hata taa yako ikitaka kumkosa haitaweza." Nuru ilikuwa sawasawa toka kona hadi kona, na koti la mjomba lilionekana hadi uzi wa kifungo. Katika picha kumi na moja nilizopiga, alikuwa amefumba macho katika tisa.